Nimemla Shemeji Kwenye Drafti

Leo nimelipiza, na sijutii hata kidogo!

Shemeji yangu amezunguka kanisani akisema akili yangu imeanza kupotea tangu nilipostaafu ualimu. Eti mama wa miaka sabini na moja kushinda sokoni Ikonge akicheza drafti ni dalili.

Leo amepita na wazee wenzake. Nikamwita, "Keti, shemeji. Mchezo mmoja tu."

Akaketi akicheka.

Mchezo ulipokaribia mwisho, nikamla kete nne kwa mkupuo.

"Sikubeba miwani," akasema.

"Basi nikuhesabie mimi. Umebaki na kete moja."

Wazee wakaangua kicheko. Akaondoka bila kuaga.

Mmoja wao akavuta kiti alichokiacha shemeji. "Mwalimu, nifundishe. Nimeanza kusahau majina ya wajukuu."

Huyo nimemfundisha kwa upole.

Shemeji akirudi, namla tena. Nyinyi mngemsamehe?