Jembe la Kumtafutia Mama

Duka lile la vyuma pale Bondeni lilinuka mafuta mazito wanayopaka chuma kipya kisipate kutu, na kamba za katani, na rangi ya milango. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilisimama nyuma ya babangu nikiyatazama majembe yaliyotundikwa ukutani kama nilivyotazama kila kitu msimu ule: nilikiona, basi. Mamangu alikuwa amefariki kwa homa miezi miwili kabla. Watu wa Kibokoni walikuja, wakasoma, wakala, wakaondoka. Nilingoja kilio kinijie, hakikuja. Shangazi Zena, dadake Baba aliyehamia kwetu kunitunza, nilimsikia siku moja akimwambia jirani kwamba mtoto huyu ana moyo mkavu. Hata hilo halikuniuma.

Baba alikuwa fundi wa saa. Siku nzima alishika vitu vidogo kuliko punje ya mtama, na nyumba yetu ya mawe haikuwa na hata shubiri moja ya udongo, kwa hivyo jembe hatukuwahi kuwa nalo. Mvua za mwaka ule zilianza siku tatu baada ya maziko, zikanyesha wiki baada ya wiki mpaka chokaa ikabanduka ukutani. Zilipokatika, Baba alikwenda makaburini kumzuru Mama, akarudi upesi, akaketi barazani na viatu vyake vya matope.

"Sikumuona," alimwambia Shangazi.

Kibao alichokiandika jina la Mama kilikuwa kimechukuliwa na maji. Ardhi ilikuwa imetitia, na magugu yalimfika kiunoni. Mlinzi wa makaburi alimwambia ahesabu safu ya tatu kutoka ukutani, lakini safu zenyewe hazikuonekana tena.

"Nitayalima yote," Baba alisema. "Na Rukia nitakwenda naye."

"Mtoto wa kike makaburini atafanya nini?"

"Ni mamake," alijibu, akainuka kwenda kutia udhu.

Jembe la kwanza alilinunua peke yake, akalichagua kwa macho ya fundi wa saa: jepesi, linang'aa, limepakwa rangi nyekundu shingoni. Tulifika makaburini asubuhi, akaanza kulima pale karibu na ukuta. Udongo wa kisiwa chetu ni tabaka jembamba juu ya matumbawe, na baada ya mvua ile tope lilikuwa zito, mizizi ya ndago imeshikana chini kama mkeka. Hakufika mbali. Jembe liligonga jiwe, bapa likapinda, na ile pete inayoshika mpini ikaachia palipochomelewa. Baba aliviokota vile vipande viwili, akajaribu kuviunganisha kwa mkono. Mimi nilisimama nikiangalia siafu wakipanda kwenye jani. Nakumbuka siafu wale vizuri kuliko uso wa Baba.

Aliyetusaidia ni Mama Kadzo, Mgiriama aliyekuwa akizibua mitaro ya mtaa wetu. Kila asubuhi alipita barazani kwetu, na Mama alipokuwa hai hakumwacha apite bila chai na mahamri. Siku ya pili alimkuta Baba ameketi na vile vipande.

"Babake Rukia, hili ni la kuchezea maua," alisema. "Ulikuwa na kazi gani nalo?"

Baba akamweleza. Mama Kadzo hakusema pole, maana pole alikwisha kuitoa. Alisimamisha beleshi lake ukutani. "Nikimaliza kazi adhuhuri, twendeni dukani."

Ndipo tukawa pale Bondeni. Mwenye duka, Mhindi mzee mwenye miwani, alimwachia Mama Kadzo ateremshe majembe apendavyo. Mama Kadzo alilining'iniza kila moja kwenye kidole kimoja, akaligonga kwa msumari mkubwa.

"Sikiliza," aliniambia mimi, wala si Baba. "Hili linalia. Hilo limenyamaza, lina ufa mahali."

Kisha akanionyesha pete inapokutana na bapa. Ukiona alama ya kuchomelea, alisema, liache. Chuma kiwe kimoja, kinene shingoni, kikizidi kuwa chembamba kuelekea kwenye makali. Alilikanyaga moja pale sakafuni kwa uzito wake wote, halikupinda. Mpini nao aliutazama kwa jicho moja kama bunduki: uwe umenyooka, nyuzi za mti zipite moja kwa moja bila kifundo, na ncha moja iwe nene ili kila pigo lizidi kuukaza kwenye pete. Baba alipolinyanyua lile alilolichagua Mama Kadzo, mkono ulimshuka.

"Zito," alisema.

"Uzito wake ndio utakaolima. Wewe utaliinua tu, kisha uliache lianguke. Jepesi utalisukuma kwa mgongo wako."

Tulilima siku tano. Baba aliinua na kuachia, mimi nilikusanya magugu na kuyarundika ukutani, na jioni Mama Kadzo alikuja kumpokea jembe. Viganja vya Baba vilichubuka, akavifunga vitambaa, akaendelea. Siku ya tano safu ya tatu ilitokea, na ndani yake makaburi mawili yaliyokaribiana, yote bila kibao, yote urefu mmoja. Baba alisimama katikati. Alitazama la kushoto, akatazama la kulia, kisha tena la kushoto.

"Ni hapa," alisema.

"Umejuaje, Baba?"

"Nilimlaza mwenyewe."

Lakini macho yake yalirudi kulia. Mama Kadzo alichukua jembe, akaanza kuvuta udongo na kuyainua makaburi yote mawili sawasawa. "Na huyu naye ana wenyewe," alisema. Baba alipanda mrehani kwenye la kushoto, akasoma. Nilinyanyua mikono nikaitikia amina. Nilikuwa na kiu. Nilitafuta kitu kingine ndani yangu, sikukipata.

Siku hizi makaburi yale yana njia ya saruji, majina ya wanaozikwa sasa huchongwa kwenye mawe, na nyasi hukatwa kwa mashine. Watoto wa sasa wakifiwa huulizwa wanahisije. Mimi sikuulizwa, na sina hakika ningekuwa na jibu. Nimemzidi Mama umri. Baba alifariki akazikwa upande wa pili wa makaburi, maana upande wa Mama nafasi zilikuwa zimekwisha, na mpaka mwisho hakukiri kwamba alibahatisha, nami sikumuuliza mara ya pili. Nikienda kuzuru, husimama katikati ya yale makaburi mawili, pale alipokuwa amesimama yeye, nikawasomea wote.