Gari Lililosubiri Samaki

Zéphirin huligusa gari kabla ya kumsalimia mwenye gari. Huweka viganja juu ya kona moja, hukandamiza, huachia, halafu hutazama. Gari likipanda na kutulia, husema, "Bado iko na nguvu." Likichezacheza kama mtumbwi uliorukiwa na mtu, huvua shati lake, hulikunja vizuri na kuingia chini.

Nimemtazama akifanya hivyo kwa miaka mitano. Nakaanga vitumbua mbele ya karakana ya Lombe, hapa Kashikishi, hatua chache kutoka mahali samaki wanaposhushwa. Zamani nilikuwa na mashua. Nilinunua samaki kisiwani Kilwa, hapa ziwani kwetu, na kupanga mzigo kwa mikono yangu, na siku hata moja sikuingiza maji. Mume wangu Obvious aliondoka na mashua hiyo, na injini yake, na mwanamke wa Puta mwenye umri sawa na binti yetu Tamara. Mizani ya samaki ilibaki kwa sababu wiki ile nilikuwa nimemwazima jirani. Kanisani waliniambia nimshukuru Mungu kwa mizani.

Zéphirin alivuka mpaka kutoka Pweto wakati wa vita, akapewa kipande cha shamba katika kambi ya wakimbizi ya Mantapala. Kwao alikuwa fundi wa springi za malori. Kilimo kilimshinda. Mke wake, Yolande, alisema mbele ya watu, "Huyu bwana anapanda mihogo kama anafukia bolti." Lombe alisikia habari zake, akamwombea ruhusa ya kufanya kazi nje ya kambi. Tangu hapo, chuma chochote kikivunjika karakanani, Lombe humwambia, "Utarudi kulima, wewe."

Kazi yenyewe anaijua. Huku kwetu kila gari ni la samaki, hata la mchungaji. Kwa hiyo Zéphirin huinua sehemu ya nyuma vidole vinne, ili magunia yakishapakiwa gari likae sawa. Gari tupu la wilaya yetu ya Nchelenge utalitambua kwa mbali: limeinua matako kama bata anayetafuta chakula majini.

Mwaka jana akaja Boyd, mwana wa Esnart, anayefanya kazi kwenye migodi ya Copperbelt. Alikuja likizo kumwona mama yake, na gari jekundu la milango miwili, fupi, linalonguruma hata likiwa limesimama. Ndani alikuwa na boksi la springi na shokomzoba mpya. Kila moja ilikuwa na pete ya chuma: ukiizungusha, unapandisha gari au kulishusha.

"Jumamosi ijayo nakimbiza hili kwenye uwanja wa mbio za magari," alisema. "Kona kumi na moja. Hizi za zamani ni laini, gari linalala upande kama mlevi."

Lombe alimvuta Zéphirin pembeni, yaani karibu na kikaango changu. "Iwe, wewe, sikiliza. Huyu ana marafiki wenye magari. Akirudi kule akalaumu kazi yangu, kesho yake uko Mantapala. Sitanii."

"Nimesikia, patron."

Alifanya kazi siku mbili. Asubuhi ya tatu gari lilisimama likimeta, na watu wa samaki wakaja kulikagua. Boyd akampakia Zéphirin, wakaenda kwenye lami hadi njia panda, wakarudi. Boyd alishuka akicheka. "Limekaza! Linashika kona kama kupe! Ba Lombe, hapa mna fundi." Akaenda kwa mama yake kula na kuaga, maana alitaka kuondoka alasiri ile.

Lombe alianza kupiga mluzi. Zéphirin akaja kuketi juu ya ndoo yangu, akachukua kitumbua, akakishika bila kukila.

"Mama Tamara," alisema, "ile gari nimeiweka ya samaki."

"Unasema nini?"

"Nyuma. Vidole vinne. Mikono ilifanya yenyewe juu ya mazoea. Ile gari haitabeba samaki hata mumoja. Tulipokata kona ya kanisa, nyuma ilitaka kutangulia. Tulikuwa polepole, yeye hakusikia. Mimi nilisikia."

Nikalitazama gari. Kweli, lilikuwa bata. Sote tuliliona zuri kwa sababu lilifanana na yote tunayoyaona.

"Na akienda mbio?"

"Itageuka. Labda kwa majani. Labda kwa ukuta."

Nilijua angefanya nini, maana niliishi na mwanamume miaka kumi na tisa. Angenyamaza. Gari lingeondoka, likigonga lingegonga mbali, na nani angesema ni pete ya Zéphirin? Niligeuza vitumbua. Nilipoinua macho, ndoo ilikuwa tupu. Alikuwa anatembea kuelekea nyumbani kwa Esnart, kitumbua bado mkononi.

Walirudi pamoja. Boyd hakuwa akicheka tena.

"Mwambie na yeye," alisema.

"Nimekosa, patron," Zéphirin akamwambia Lombe. "Ni kosa yangu. Haifai kuondoka hivi."

Lombe alivua kofia na kuitupa chini. "Mtu amesifu! Amesifu kwa mdomo wake! Wewe unamfuata mezani kumwambia umeharibu? Kusanya vitu vyako!"

"Nitakusanya. Naomba nitengeneze kwanza."

"Mwache atengeneze, ba Lombe," Boyd akasema. "Mimi ndiye nitakayeketi ndani, si wewe."

Zéphirin alishusha nyuma, akapima kwa rula pande zote. Zililingana, lakini hakuridhika. Nikaona anachokosa. Mimi sikusoma, ila mzigo naujua.

"Rula inakudanganya," nilimwambia. "Meza ya miguu minne inaweza kusimama vizuri huku miwili tu ndiyo inabeba. Pima uzito. Na mwenye gari aketi ndani. Sisi wa mashua, mwendeshaji tunamhesabu kuwa mzigo."

Alinitazama. "Utatupa mizani?"

Nikaileta. Alichukua gogo refu la mkaratusi, akaliegemeza juu ya jiwe, ncha fupi akaiingiza chini ya chuma kinachoshika gurudumu. Kwenye ncha ndefu tukatundika gunia, tukalijaza mchanga polepole hadi gurudumu likaachia ardhi kiasi cha kupitisha karatasi. Kisha tukalipima gunia kwenye mizani yangu. Gurudumu moja baada ya jingine, na Boyd ameketi ndani kama bwana harusi.

"Bamayo, kilo ngapi?" wauza samaki wakaniuliza.

"Za kwake au za gari?"

"Za kwake! Ameshiba ubwali wa mama yake wiki mbili huyo!"

"Kama ni mbichi, tunamchukua mzima!"

Gurudumu la nyuma upande wa Boyd lilizidi la upande wa pili kwa kilo tisa za mchanga. Zéphirin alizungusha pete, tukapima upya, akazungusha. Mara ya nne magunia yakakaribiana, tofauti ikabaki konzi ya mchanga. Walipotoka tena kwenye lami, gari lilikaa chini, sawa, halina sura ya kwetu hata kidogo. Waliporudi, Zéphirin alishuka, akakandamiza kona moja, akatazama.

"Sasa iende," alisema. Boyd akampa mkono, akaondoka.

Zéphirin akaanza kukunja vitu vyake. Lombe alimwacha akunje hadi spana ya mwisho, kisha akasema bila kumtazama, "Unakwenda wapi? Tusubiri Jumamosi."

Jumapili, baada ya ibada, Boyd alipiga simu. Amekuwa wa sita kati ya kumi na wanne, na gari halikumgeuka hata mara moja. Marafiki wake wawili walitaka kuleta magari yao, akasema, lakini kwa fundi yule aliyemfuata mezani. Lombe alimaliza kusikiliza, akamwonyesha Zéphirin lori lililokuwa likingoja. "Hilo la samaki," alisema. "Hilo liinue."

Siku hizi mizani yangu hutundikwa karakanani mchana. Zéphirin akimwambia mtu "nimekosa", mimi huisikia tangu kwenye kikaango, na bado hunishtua. Jioni naenda kuifungua mizani ile kwenye ndoano na kuibeba nyumbani. Lombe husema nimwachie, haitaibiwa. Zéphirin hunishikia ngazi.