Kichwa Kilichohama

Juzi kwenye benchi la kliniki ya macho hapa mjini, mimi na binti yangu tuliketi na bibi mmoja wa Ngaramtoni. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwama, na akijaribu kuligeuza linamuuma sana. Daktari alikuwa amemweleza kwamba kuna uvimbe nyuma ya jicho, ugonjwa wa nadra, akampa vidonge. Sasa alirudi kujua kama litapona.

Binti yangu alimwinamishia kichwa, kama watoto wa huku wanavyowaamkia wazee ili wawekewe mkono kichwani. Bibi akanyoosha mkono, akapapasa hewa pembeni ya kichwa chake.

"Mama, umezaa mapacha? Nawaona wawili!"

"Bibi, funga jicho moja," muuguzi akamshauri.

"Nifunge nipoteze mjukuu?"

Benchi zima tulicheka. Akaitwa ndani, akatoka anatabasamu.

"Limeanza kusogea! Daktari anasema nitamwona mmoja tu, kama mnavyomwona nyie."

"Pole, bibi, utabaki na mjukuu mmoja," nikamtania.

Akanyoosha mkono tena, pembeni vilevile. Safari hii binti yangu alisogea mpaka kichwa chake kikaingia chini ya kile kiganja. Vidonge vinachukua wiki kadhaa kuponya. Mwanangu ameona ni rahisi kuhama yeye.