Nafasi Moja Iliyozidi
Asubuhi ile mfumo wetu wa bei za mahindi ulizimika, na wafanyabiashara wa soko la nafaka la Kibaigwa wakawa wananipigia simu mfululizo. Nilikuwa ofisini Area D, nikipekua faili refu mno lenye maelekezo ya kuwasha seva tulizokodi mtandaoni. Kosa lilikuwa nafasi tupu moja iliyozidi mwanzoni mwa mstari; kwa lugha ile ya kompyuta, hiyo tu inatosha kukwamisha kila kitu.

Nikamwambia bosi wangu, “Mama, siku hizi ipo lugha ya kompyuta iliyo rahisi zaidi. Haya yote yanaandikika kwa mistari michache.”

“Hii tumeshaizoea,” akanijibu.

Tumeizoea nani, wakati ninayelifungua lile faili ni mimi peke yangu? Nilifuta ile nafasi, mfumo ukawaka. Mchana huohuo nikaanza kuliandika upya faili lile kwa lugha rahisi, bila ruhusa.