Uso wa Hubert, Mikono ya Zélie

Anselme aliposhuka kwenye treni akitokea Paris, kitu cha kwanza alichokiona mama yake, Zélie, ni kucha zake. Zilikuwa safi kama za kasisi. Kijijini alikuwa ameondoka na kucha za mkulima.

Huko Paris, kwenye chuo cha uchoraji, miaka ya mwanzo alichora sanamu za plasta kwa mkaa, pua baada ya pua. Baadaye wakamruhusu kuchora watu hai, waliosimamishwa uchi kama miungu ya kale. Mashindano makubwa ya chuo yalimshinda kila alipojaribu, mpaka akafunga mzigo akarudi kijijini kwao Lorraine, kwenye matope yaliyomlea.

"Sasa nitachora ninachokiona tu," alisema mezani. "Palepale shambani, kwa mwanga wake. Baba, nitakuchora wewe ukichimba viazi."

Baba yake, Hubert, alicheka mpaka supu ya kabichi ikampalia. "Zélie, sikia maajabu! Paris yote ile, kumbe anarudi kuchora kizee na jembe!"

"Miungu sijawahi kukutana nao, baba."

"Haya. Ila hili tumbo ulipunguze."

Turubai ya kuchorea, kubwa kama mlango wa ghala, ikasimamishwa shambani. Anselme alitaka mwanga wa kijivu wa Novemba, basi kila siku ya mawingu Hubert aliinama na jembe lake, akatulia kama jiwe. Manyunyu yakianza, Zélie hutoka mbio.

"Wee Anselme! Mwache baba yako aingie ndani, si sanamu ya plasta yule!"

"Kidogo tu, mama. Mwanga ndio huu."

"Mwache mtoto amalize," Hubert alisema huku akikohoa.

Kifua kikambana. Kabla ya Krismasi walimzika. Kwa desturi ya msiba kwao, Zélie alisimamisha saa ya ukutani, akafunga vitambaa vyeusi kwenye mizinga, nyuki nao wajue kwamba bwana wao hayupo. Ghalani picha ilibaki na uso uliokamilika. Mikono ilikuwa mistari mitupu ya mkaa.

Anselme hakuigusa. "Siwezi kubuni mikono ya baba," alisema. "Na mimi ndiye niliyemsimamisha kwenye baridi."

Zélie alichukua jembe, akaenda shambani akainama palepale alipokuwa akiinama mumewe.

"Nami nimechimba viazi hivihivi maisha yangu yote," alisema. "Tazama vidole. Tofauti iko wapi?"

Anselme akavitazama: viungo vimevimba, udongo umeganda kwenye nyufa. Akaitoa picha ghalani, akachora huku akilia. Mama yake hakutikisika.

Picha ilikubaliwa kwenye maonyesho makubwa ya picha ya Paris. Lakini huko kuta hujazwa picha kutoka sakafuni hadi darini, na za wachoraji wasiojulikana huweza kutundikwa juu kabisa. Macho ya Zélie yalikwisha kuingia ukungu. Uso ulio mbali kidogo humyeyukia. Na picha nyingine ya Hubert haikuwepo duniani.

Treni yao ilifika asubuhi ileile ya ufunguzi. Wakasimama mlangoni mwa jumba la maonyesho, katikati ya kofia ndefu za mabwana.

"Na wakiwa wamemweka juu?" Zélie aliuliza.

"Sijui, mama."

"Utaninyanyua?"

"Nitakunyanyua."

Akayafuta macho kwa ncha ya shali, la kulia kisha la kushoto, yawe tayari. Kwa ndani, funguo zilianza kulia kwenye kitasa cha mlango.