Darasa Zima Limelazwa

Mimi ni mpishi wa chekechea, na kama unataka kujua mwalimu gani amechoka na yupi anajifanya, njoo ukae jikoni kwangu. Mwalimu wetu wa watoto wa miaka minne alikuwa amechoka kweli. Miaka ishirini na mitatu ya kuinama: kufunga viatu, kupangusa makamasi, kusimamia watoto thelathini na mmoja wakinawa mikono kwenye bomba linalomfika mtu mzima magotini. Alikuja kwangu kuomba maji ya moto, akakaa juu ya gunia la mchele. Mgongo ulimuuma hata akikaa.

Kwake mtoto hakugusa sahani kabla ya sabuni, na hakuinuka mezani kabla ya kumaliza kikombe cha maji. Mboga alizila yeye kwanza, mbele yao, kwa mbwembwe zote, huku akiniambia mimi pembeni kwamba hapendi hata kuziona. Lakini roho yake ilikuwa kwenye saa ya kulala. Saa saba tukishaondoa vyombo, anatandika magodoro, anafunga mapazia, anawaambia, "Haya, sasa nawalaza." Anapita akiwafunika mmoja mmoja.

Mwenye shule aliitaka saa hiyo iwe ya kuandika.

"Wazazi wanataka watoto waandike," alimwambia. "Shule ya jirani watoto wa miaka minne wanaandika majina yao."

"Na wanasinzia juu ya hayo majina, Madam."

"Basi Ijumaa kwenye mkutano wazazi wenyewe wataamua."

Baada ya maneno hayo mwalimu alikaa kwenye gunia langu muda mrefu. "Wakiifuta naacha kazi, dada," alisema. "Mwaka wangu wa kwanza nilimfinya mtoto aliyesinzia kwenye daftari. Hakulia. Alipangusa jicho akaendelea kuandika. Mpaka leo jambo hilo linaniuma. Sirudii tena." Nilimwambia ajikaze, maneno ya bure tu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka.

Sasa katika darasa lile kulikuwa na mtoto tunayemwita Kasuku, kwa jinsi anavyorudia maneno ya watu. Jumatano jioni mama yake, mshonaji wa kiwandani anayeingia zamu ya usiku, alipiga simu ya mkononi ya bibi wa mtoto. Bibi alikuwa anaoga. Kasuku akapokea.

"Umeshindaje, mwanangu?"

"Nimelazwa, mama."

"Umelazwa? Wapi?"

"Kwa Mwalimu. Sote tumelazwa. Darasa zima."

"Mna nini?"

"Tumekula, tukanywa maji, tukalazwa."

Simu ikakatika, chaji imekwisha. Mama wa watu akadhani bibi yuko naye wodini, akaacha cherehani inazunguka. Alijua kwa vyovyote chakula kimewadhuru, yaani chakula changu mimi! Aliwapigia wazazi wanne, nao wakapigia wengine, na wote wakakimbilia hospitali kubwa kutafuta wodi ya watoto. Muuguzi wa zamu aliwauliza majina, akafungua kitabu chake, hakuona hata mmoja. Baba mmoja alianza kulia pale pale mlangoni. Mpaka mtu alipopata akili ya kupiga simu nyumbani kwake, akaambiwa mtoto yuko chini ya meza anacheza na vifuniko vya sufuria.

Ungedhani wangecheka. Watu waliotishwa hawacheki haraka. Ijumaa saa nane walijaa kwenye viti vidogo, magoti yamewafika kidevuni, nyuso zimekunjwa. Mwenye shule alisimama ametulia kabisa.

"Mmeona wenyewe fujo iliyoletwa na huku kulala," alisema. "Napendekeza tuifute saa hii."

Mwalimu aliitwa kujibu. Alisimama akashika mgongo, akasema watoto wakilala wanakula vizuri jioni na hawapigani, kisha akakaa, basi. Nilitamani kumpiga kofi au kumkumbatia, sijui kipi. Wazazi wakaanza kunong'ona. Niliona mambo yameharibika.

Ndipo mama Kasuku akanyoosha mkono. Alikuwa ametoka kazini asubuhi hakulala, bado ana nyuzi kwenye mikono ya blauzi. Nikajua anammaliza.

"Mimi ndiye niliyewatia hofu, mnisamehe," alisema. "Nilirudi nyumbani nina hasira, nikamwamsha mwanangu. Nikamwuliza, kwani huko mnalazwaje? Akaniambia, 'Mwalimu anatufunika, halafu anasema sasa hakuna mtu anayewataka mfanye kitu.'"

Alichomoa uzi mmoja kwenye blauzi.

"Mimi mara ya mwisho kulazwa ilikuwa siku niliyomzaa huyu. Siku mbili. Sijapata tena. Mwacheni yeye alale."

Mwenye shule aliuliza nani anataka saa ifutwe. Baba aliyelia hospitali alikuwa ameanza kuinua mkono, akaupeleka kichwani akajikuna. Hakuna mwingine aliyejitokeza. Mwenye shule akafunga daftari lake, akasema basi, ibaki.

Nilimkuta mwalimu jikoni analia kwa sauti ya chini. Nikadhani ni furaha, nikampongeza.

"Furaha gani, dada?" alisema. "Nimechoka tu. Na sasa siwezi tena kuacha kazi."