Mshenga wa Prosesa

Inatangazwa kwa wote wenye laptop za kuchezea gemu, kwa wanaojipanga kuzinunua, na kwa wale waliokwisha kuzinunua kwa kufuata rangi za taa za kibodi: yupo mtu. Yu hai, anapatikana kuanzia saa tatu asubuhi, chumba cha pili ukitoka ngazini, kati ya fundi cherehani na duka la ndoo. Ameoanisha prosesa na kadi za picha zaidi ya mara mia mbili, na hakuna ndoa hata moja iliyovunjika. Mpisheni njia.

Tangazo hilo halikubandikwa popote. Alilitoa mwenyewe, kwa mdomo, kwa kila mteja aliyejisahau akauliza, "Fundi, ninunue ipi?" Ndiyo maana wakamwita Mshenga, na jina likamkaa kuliko shati.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, kitambi cha heshima, miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, na cheti cha ufundi redio alichokitundika juu kabisa ili watu wasiuone mwaka wake. Kiti cha mteja kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Hakutaka kukitengeneza, mteja anayeyumba husikiliza kwa unyenyekevu.

"Sikiliza," angeanza. "Kadi ya picha ndiyo inayochora unachokiona. Lakini haichori kitu mpaka prosesa iiambie ichore nini. Mtazame jirani hapo. Ana washonaji sita na mkataji mmoja. Mkataji akiwa goigoi, wale sita wanafanya nini?"

"Wanapiga soga," fundi cherehani angejibu kutoka ng'ambo ya ukuta wa mbao. "Na mkataji ni mimi, shukrani sana."

"Wanapiga soga! Sasa wewe unataka kadi yenye nguvu za ng'ombe, na prosesa yenye mkasi butu. Na kwenye laptop hakuna kubadilisha baadaye. Wawili hao wamechomelewa ubaoni kwa risasi. Mle hakuna talaka."

Hakuna mteja aliyetoka pale bila kujiona ameponea chupuchupu.

Sasa, mdogo wa mkewe naye akataka laptop. Shemeji huyu, mwenye miaka ishirini na sita, alicheza gemu ya mbio za magari kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha hata mbele ya kikombe kichafu. Timu moja ya wachezaji wa gemu hiyo ilikuwa imetangaza nafasi ya dereva, ajira kamili, na mchujo ungefanyika kwa mtandao, kila mtu akiwa kwao, Jumamosi na Jumapili. Ilikuwa kazi ya kwanza duniani iliyomtaka yeye jinsi alivyo.

Mshenga alimchagulia mashine kwa wiki tatu, akipima prosesa hii na kadi ile kama baba anayemwoza binti wa pekee. Siku ya kuifikisha kwa mama mkwe, shemeji alikoishi, alisimama katikati ya sebule, akaiinua kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "humu ndani prosesa na kadi zimekutana kwa mahesabu. Sitaki kusikia kelele. Mashine hii itunzwe kama yai."

"Nimesikia, mwanangu," mama mkwe akajibu. Na kweli alikuwa amesikia.

Wiki mbili baadaye shemeji akatokea dukani, laptop kaikumbatia kama mgonjwa.

"Shemeji, inakwama. Dakika kumi za kwanza inapaa, halafu gari linatembea kama linasukumwa. Feni inavuma mpaka mama anakimbilia kuanua nguo."

Mshenga akaiweka mezani, akawasha gemu, akaiacha saa nzima. Haikukwama hata mara moja.

"Mzima wa afya," akasema. "Unaichezea vibaya."

"Naichezeaje vibaya? Nabonyeza vilevile!"

Ikarudi nyumbani, ikakwama. Ikarudi dukani, ikapaa. Mara ya tatu fundi cherehani akashindwa kuvumilia.

"Mshenga, hao maharusi wako wakiwa hapa wanacheka, wakifika kwao wananuniana. Huoni kuna jambo?"

"Shona nguo."

Lakini siku hiyo alibadilisha feni nzima kwa feni nzima, akapaka upya dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, na wateja wawili waliokuja hawakusikia lolote kuhusu ndoa mia mbili.

"Mdogo wangu kabakiza siku nne," mkewe akamwambia wakati wa chakula, akimpakulia kidogo kuliko kawaida. "Na ni wewe uliyesema prosesa ile inatosha. Hukusema 'labda'. Ungetia hata labda moja, mume wangu, leo ingetusaidia."

Kufikia Ijumaa alikuwa ameanza kuamini kwamba mkataji alikuwa goigoi tangu mwanzo, na ameshatayarisha maneno ya kukisingizia kiwanda.

Jumamosi, saa mbili kabla ya mchujo, akaenda ukweni. Katika sebule ya mama mkwe hakuna kitu kilichokaa uchi. Televisheni ilivaa kitambaa cha kufuma, redio ikavaa, friji ikavaa na mpini wake ukavalishwa soksi. Kulikuwa na kitambaa kimoja kilichofunikwa kitambaa. Kwa miaka kumi na miwili Mshenga alikuwa ameizoea sebule hiyo kiasi cha kutoiona.

Shemeji alikuwa anafanya mazoezi. Gari lake lilishaanza kujikokota. Mshenga akaangalia kipimo cha joto: nyuzi tisini na nane. Akapitisha mkono chini ya laptop atafute matundu ya hewa, na mkono ukazama. Chini kulikuwa na sufu, nene, tabaka mbili, kingo zake zimeinuka pande zote mpaka zikaziba na matundu ya pembeni.

"Mama," akasema polepole, "hiki ni nini?"

"Kiota," mama mkwe akajibu kwa fahari. "Si ulisema itunzwe kama yai? Huwa haendi nacho dukani kwako, namkataza. Kitachafuka."

Basi ilikuwa hivyo. Mashine ilivuta hewa kwa chini, na chini palikuwa na blanketi. Prosesa ikipandwa na joto hujipunguzia mwendo isije ikaungua, na kadi yenye nguvu za ng'ombe hukaa ikisubiri kuambiwa ichore nini. Wiki tatu za mahesabu, na sentensi moja ya kujisifu ikazimaliza.

Lakini mtu atamwambiaje mama mkwe?

"Mama, kitu kizuri hivi hakifai kulaliwa," akasema. "Kinafaa kuonekana." Akakivuta, akakitandaza juu ya kabati la vyombo, akaiinua laptop kwa vifuniko viwili vya chupa. Gari likapaa.

"Umefanya nini?" shemeji akauliza, macho yakiwa kwenye kioo.

Mshenga akasafisha koo. "Nimewapatanisha."

Shemeji akavuka mchujo wa Jumamosi. Jumapili mchana, dakika ishirini kabla ya duru ya mwisho, sebule ilijaa: mkewe Mshenga, majirani, hata fundi cherehani aliyedai amekuja kupima pazia. Shemeji akapanda juu ya stuli.

"Ndugu zangu! Inatangazwa kwa wote! Prosesa na kadi yangu zilikosana, mafundi wangekata tamaa, lakini yupo mtu! Aliweka mkono tu, zikapatana!"

Watu wakapiga makofi. Mkewe akamtazama kwa macho ya siku za uchumba. Hapo mama mkwe akatokea chumbani na kitu kikubwa cha sufu, tabaka nne.

"Kile cha kwanza mkwe wangu alikihurumia kulaliwa," akawaambia wageni. "Basi nimefuma cha kulaliwa. Sijapumzika tangu jana." Akaviondoa vile vifuniko vya chupa, akaitua laptop juu ya kiota kipya. Ikazama mpaka kibodi. Feni ikaanza kuvuma.

"Shemeji, waambie mwenyewe," kijana akasema kutoka juu ya stuli. "Ulifanya nini hasa?"

Mshenga akatazama kiota, akamtazama mama mkwe, akaitazama saa ya ukutani, nayo ilikuwa imevaa.

"Nilitoa kitambaa," akasema.